Nauli ya Watu Wawili

Békéscsaba, 8 Septemba 1997

Bogi wangu, kipenzi cha mama,

Nakuandikia mezani jikoni, na mume wangu (acha niliandike tena: mume wangu!) amenibakishia kipembe tu cha meza. Kwingine kote ametandaza ratiba za treni, za kwetu, za Austria, za Ujerumani na za Ufaransa, kama ninavyotandaza unga uliokandwa wa rétes ya matufaha hadi uning'inie pembeni. Ana rula, ana penseli ya rangi mbili, na kila akipata treni inayoungana na nyingine bila kungoja saa nzima ananiita, "Hajna, njoo uone urembo huu!" Nakwenda. Naona tarakimu tupu. Lakini namwona yeye, mwanangu, miwani puani na sikio limekuwa jekundu kwa furaha, na moyo wangu unaruka kama wa msichana wa kidato cha pili.

Mimi ni bibi harusi wa miaka sitini na sita. Nacheka peke yangu sokoni. Wauza pilipili wameanza kuniuliza nina nini.

Tunakuja, Bogi! Miaka miwili sijakuona. Ndege hatuiwezi, na basi litamuua mgongo Rezső, lakini reli haijamsahau mzee wake. Miaka arubaini na moja alisimama jukwaani pale stesheni kwetu na kofia yake nyekundu, akiruhusu treni ziondoke, na sasa wamempa kitabu cha tiketi cha mstaafu na mkewe, cha kuvukia nchi zote hizo karibu bure. Bure, kipenzi, kutoka shamba la bata hadi Atlantiki! Tutaondoka Jumapili tarehe 28 na kufika Nantes Jumanne. Hiyo ndiyo fungate yetu. Wengine huenda Venisi. Mimi nakwenda kwa binti yangu nikiwa nimeshikwa mkono.

Kuhusu lile uliloniomba kwenye simu siku ya harusi, tulia. Pasipoti sikuigusa. Humo bado mimi ni Bozsik Ágostonné, mke wa baba yako, kama ulivyotaka. Rezső nimemwambia ofisi ya pasipoti ina foleni ndefu. Ni uongo mdogo, Mungu atauangalia kwa jicho moja. Kwenye cheti cha ndoa na kwenye kitabu cha reli nimeandikwa Szalkai Rezsőné, na kila usiku kabla ya kulala nalisoma jina hilo mara moja, kama sala.

Msalimie sana Gaël wako. Mwambie namletea soseji.

Mama yako mwenye furaha kuliko adabu,
Hajnalka


Nantes, 16 Septemba 1997

Shikamoo Mama,

Barua nimeipata. Nafurahi kwamba u mzima.

Nitasema kwa ufupi, maana nimetoka zamu hotelini na mikono bado ina harufu ya dawa ya shuka. Njoo wewe. Yeye asije. Sina nafasi ya watu wawili. Huyo bwana wa kofia nyekundu na abaki na rula yake.

Unaniandikia mambo ya sala kabla ya kulala. Mama, mimi nilikuwa na wewe kwa mchongaji wa mawe. Jina lako limekwisha kuchongwa kando ya la baba, Bozsik Ágostonné, 1931, kisha kistari, kisha pengo. Ulilipa siku hiyohiyo, ukasema, "Ili Bogi asipate taabu baadaye." Watu wote wa mji wetu wa Csaba wamelisoma jiwe hilo kila Novemba, wakija kuwashia wafu mishumaa, kwa miaka tisa. Sasa niambie, nani atalala penye lile pengo? Au mke wa Szalkai atazikwa kwa Bozsik, na majirani wapate la kucheka?

Usinijibu hilo. Njoo peke yako, tutazungumza.

Boglárka


Rosenheim, Ujerumani, 30 Septemba 1997

Bogi wangu,

Usishtuke ukiona stempu. Leo tulipaswa kuwa kwako, na tuko Bavaria, jikoni kwa mtu anayeitwa Döme. Viungo vinaniuma hata vile nisivyovijua majina. Nakuomba usome hadi mwisho kabla ya kukasirika.

Hadi Viena ilikuwa ndoto. Nilikuwa na kuku wa kukaanga ndani ya mkate, matango ya chumvi, na kichwa cha mume wangu begani. Tulilala Viena kwenye bweni la wafanyakazi wa reli. Jana asubuhi tukapanda tena, tukavuka Salzburg, mvua inanyesha na milima imejifunika shuka, nami nikamwambia Rezső, "Nikifa sasa hivi nitakuwa nimeshafika." Akasema, "Usife, hiki kipande cha tiketi kinaishia Munich."

Ndipo akaingia mkaguzi wa Kijerumani, mtu mzima, sharubu zimechanwa kwa kitana. Akapokea kitabu chetu, akapokea pasipoti zetu, akaangalia kimoja, akaangalia kingine.

"Bibi Szalkai yuko wapi?"

"Ndiye huyu," Rezső akajibu kwa kile Kijerumani chake cha stesheni.

"Huyu ni mke wa Bozsik."

"Alikuwa."

"Pasipoti haisemi alikuwa."

"Bozsik amefariki."

"Poleni. Lini?"

"Miaka tisa."

Behewa zima linatusikiliza. Nikamweleza, kwa mikono zaidi kuliko maneno, kwamba kwetu mke hubeba jina la mumewe lote, la ukoo na la kwake, na kulifunga kwa kipande kidogo mwishoni, né, na kwamba mimi nimewahi kufungwa mara mbili. Akanisikiliza kwa heshima. Kisha akamgeukia Rezső.

"Mzee, nina miaka ishirini na mbili kwenye treni. Wanaume wanaosafiri na wake za watu nimewaona wengi mno. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kubeba matango. Nawaamini. Cheti cha ndoa mnacho?"

Kiko kabatini, Bogi. Chini ya vitambaa vya meza.

Unajua Rezső alisema nini? Hakubembeleza. Alikaa wima kama yuko kazini, akasema, "Mwenzangu, chukua kitabu. Ningekuwa wewe ningefanya hivyohivyo." Na yule akakichukua, maana ndiyo sheria ya kitabu kile. Tiketi iliyoandikwa jina moja ikikutwa na mtu wa jina jingine, kitabu kizima kinarudishwa kilikotoka, cha mke na cha mume. Faini hakututoza. Alituteremsha Rosenheim, akatushushia masanduku kwa mikono yake mwenyewe.

Tukasimama jukwaani. Treni ikaondoka. Rezső aliitazama hadi taa ya nyuma ikapotea, ndiyo desturi yake. Kisha akaniuliza, polepole sana, "Hajna, ile foleni ya pasipoti ilikuwa ndefu kiasi gani?"

Nikasema, "Haikuwapo."

Alibeba masanduku yote mawili, langu na lake, akatembea mbele. Katika miezi yote ya kupendana, hiyo ndiyo mara ya kwanza nimeuona mgongo wake zaidi ya uso wake.

Huyu Döme alikuwa na Rezső kazini zamani, akakimbia nchi mwaka wa maasi, hamsini na sita, akawa mtu wa reli huku. Anaishi nyuma ya stesheni. Alipotufungulia mlango akatazama masanduku, akamtazama Rezső, akapiga kelele, "Umeoa tena, punda wewe? Na fungate umeileta jikoni kwangu!" Ametupa kitanda chake, yeye analala na baiskeli. Ndiye aliyetuambia kwamba hapa kuna tiketi ya Jumamosi na Jumapili, marki thelathini na tano, watu hadi watano, nchi nzima, mradi upande zile treni za polepole zinazosimama hata penye mti. Kwa hiyo tunaingoja Jumamosi. Leo ni Jumanne. Rezső amemwomba Döme ratiba na penseli. Bado hanitazami sana, lakini akiona muunganiko mzuri naona sikio linaanza kuwa jekundu.

Sijamwambia ulichoandika. Anaamini unatungoja wote wawili. Usinichukie, Bogi. Nilidhani mbele ya mlango, ukimwona, hutaweza kufunga.

Salamu kwa Gaël. Soseji bado zipo, ingawa Döme anazinyemelea.

Mama yako aliyechoka


Nantes, 4 Oktoba 1997

Mama,

Umemdanganya yeye kwa ajili yangu, na sasa unamdanganya tena kwa ajili yangu, na mwisho wa yote nitakuwa mimi ndiye niliyewaharibia. Kila mtu unamwahidi anachotaka kusikia, halafu unashangaa karatasi zikigombana. Tangu nikiwa mdogo uko hivyo. Ulimwambia baba nitasoma ufamasia, ukaniambia mimi nitaimba.

Rudini nyumbani. Umri wenu si wa kuzurura na treni zinazosimama penye mti.

Na nilipoandika kwamba sina nafasi, niliandika nilichomaanisha. Hukusoma. Uliona hasira tu, maana ndiyo uliyokuwa unaitafuta.

Nimechoka, Mama. Hakuna zaidi ya hilo.

B.


Rosenheim, 7 Oktoba 1997

Kwa Bibi Boglárka, Nantes,

Nakuomba radhi kukuandikia bila kujulishwa kwako rasmi. Tumeonana mara moja tu, mwaka 1979, ulipoacha mwavuli kwenye treni ya saa moja na robo, nami nikausimamisha msafara mzima dakika mbili. Hutakumbuka. Mimi nakumbuka, niliandikiwa onyo.

Barua yako ya tarehe 16 Septemba niliikuta jana ndani ya koti la mama yako, nikitafuta miwani. Ile ya pili alinisomea mwenyewe, akaruka mistari. Naijua sauti ya mtu anayeruka mistari. Sikumwambia kitu. Yeye amelala sasa, mchana, jambo ambalo si kawaida yake. Jumamosi iliyopita tulishindwa kuondoka kwa sababu ya mgongo wangu, si wake. Nilishindwa kuvaa viatu. Alinivalisha, akaimba huku akinifunga kamba, kisha nikashindwa kusimama. Tutajaribu Jumamosi hii.

Nitakujibu kuhusu jiwe, ingawa ulisema usijibiwe. Swali lako ni la haki.

Mimi pia nina jiwe. Liko upande wa pili wa makaburi yaleyale, karibu na bomba la maji. Limeandikwa Szalkai Rezső, 1926, kistari, pengo, kando ya mke wangu Piroska. Jioni niliyomposa mama yako tulizungumza jambo hilo kabla ya jambo jingine lolote, maana sisi ni watu wa Csaba na tunajua watu husoma nini Novemba. Tulikubaliana hivi. Kila mtu atarudi kwa mwenzake wa kwanza. Mama yako atalala kwa Ágoston, chini ya jina lililoko pale. Mimi nitalala kwa Piroska. Hakuna herufi itakayofutwa. Tulipeana mikono. Kisha yeye akalia kidogo, akasema, "Basi tuna haraka."

Kwa hiyo sichukui nafasi ya baba yako, bibi. Naomba tu muda uliobaki hadi kituo ambacho kila mmoja wetu atateremkia upande wake.

Sasa la safari. Mpango ni huu. Jumamosi tarehe 11, treni ya kwanza, Rosenheim, Munich, Ulm, Stuttgart, Karlsruhe, Offenburg, Kehl, tukibadilisha pia katika vituo vidogo ambavyo sikuorodheshei. Tiketi ya Kijerumani inaishia Kehl. Mto Rhine tutauvuka kwa miguu, daraja lina njia ya watembeao. Upande wa pili ni Strasbourg. Kutoka hapo hadi kwako ndiko kwenye nauli kubwa, nami sijui njia ya bei nafuu kwa sababu vitabu vya Döme vinaishia mpakani.

Naomba unitafutie huko kwako nauli ya chini kabisa ya mtu mmoja, Strasbourg hadi Nantes. Mtu mmoja. Nitampandisha mama yako, nitaisubiri treni iondoke, kisha nitarudi Rosenheim kwa tiketi ya Jumapili ya wiki itakayofuata. Yeye hajui. Akijua hatapanda.

Uniandikie posta kuu ya Strasbourg, barua ya kuchukuliwa dirishani.

Kwa heshima,
Szalkai Rezső, msimamizi wa treni, mstaafu


Strasbourg, 13 Oktoba 1997

Bogi wangu,

Nimekaa kwenye benchi la posta, nimevua kiatu kimoja kwa siri. Kisigino kimekataa.

Ngoja nikueleze Jumamosi, maana sijawahi kuwa na siku ndefu hivyo tangu siku niliyokuzaa. Saa kumi na moja alfajiri tuko stesheni ya Rosenheim na tiketi ya watu watano, na sisi ni wawili. Huku watu husimama kando ya mashine ya tiketi wakikuchungulia, kama kuku wanaongoja mtu aangushe punje. Kijana mmoja wa udaktari na mchumba wake wakatuuliza kama tuna nafasi. Tukasema tunayo. Kisha mama mmoja mnene aliyebeba saa ya ukutani ndani ya blanketi, jina lake Roswitha. Basi tukawa familia! Kila kwenye kubadilisha treni Rezső anatuhesabu, moja, mbili, tatu, nne, tano, na ile saa ya ukutani ndiyo ya sita.

"Ninyi mmeoana miaka mingapi?" Roswitha akatuuliza, tukiwa tumebanana karibu na choo.

"Wiki tisa," Rezső akasema.

"Wiki tisa! Na amekuleta huku? Dada, mimi ningemtupa Ulm."

"Ulm tulikuwa na dakika nne tu," nikamwambia, "hazikutosha."

Tulibadilisha treni mara nane. Ngazi chini, ngazi juu, sanduku, mkongojo wa Döme, saa inalia ndani ya blanketi. Stuttgart tulikimbia. Mimi! Nilikimbia nimeshikwa mkono, na mlango ukafungwa nyuma ya koti langu, na yule mzee akanitazama kama nimeshinda mbio za dunia. Kisha Karlsruhe familia ikaagana, na Roswitha akanibusu, na treni ya mwisho ikatupeleka Kehl tumechoka hoi. Uchovu ule si wa kulala, mwanangu. Ni ule wa kukaa unatazama magoti yako na kushangaa ni ya nani.

Daraja tukalivuka kwa miguu, jua bado liko juu kidogo, malori yanapita na daraja linatetemeka. Katikati, penye kibao cha mpaka, Rezső akaweka masanduku chini. Nilidhani ni mgongo. Akasema, "Hajna, kuna jambo nimelifanya nyuma yako." Akaniambia yote. Barua yako ya kumkataza asije, ambayo niliificha kwenye koti. Barua aliyokuandikia. Nauli ya mtu mmoja.

Nilimpigia kelele, Bogi. Juu ya Rhine. Waendesha baiskeli wakateremka wakatuzunguka kwa adabu. Nikamwambia, "Miezi mizima unanipangia njia, kumbe ya mwisho ni ya kunitupa!" Akasema, "Sikutupi. Nakufikisha." Nikasema, "Mimi si kifurushi!" Akasema, "Wewe ulinidanganya foleni." Nikasema, "Na wewe umenidanganya daraja!" Na hapo sijui nani alianza, tukacheka hadi nikashika vyuma vya pembeni nisianguke. Nilimwambia kwamba akirudi, nami narudi.

Sasa nakwambia wewe pia, na safari hii nasema jambo moja kwa watu wote wawili. Siji peke yangu. Si kwa kukukomoa. Baba yako nilimpenda na nitalala kwake, na pasipoti nitaibadilisha nikifika nyumbani, kwa sababu mimi niliye hai ni mke wa Rezső. Nilikuahidi kinyume chake kwa kuogopa kelele zako, na nikamwahidi yeye kwa kuogopa macho yake. Ulisema kweli kuhusu ufamasia.

Tunalala bweni la wanareli hapa. Kwa kuwa karatasi zetu hazisemi jina moja, wamempa yeye chumba cha wanaume na mimi cha wanawake. Ukuta katikati. Jana nilibisha ukutani mara tatu, akabisha mara tatu, na mwanamke wa kitanda cha pili akauliza kama hapa kuna panya.

Bibi wa dirishani amesema hakuna barua ya Szalkai. Hakuna ya Bozsik pia. Nimeuliza mara mbili. Tutangoja hadi Ijumaa. Jumamosi kuna tiketi ya marki thelathini na tano ya kurudi.

Sitakasirika ukinyamaza. Nitachoka tu zaidi, na hilo nimeshalizoea.

Mama


Nantes, 15 Oktoba 1997

Mama, na Mzee Rezső,

Nawaandikia wote wawili kwenye karatasi moja ili asiwepo wa kuruka mistari.

Barua ya Mzee ilinifikia Ijumaa. Nilikaa nayo siku tatu. Jumatatu baada ya zamu nilikwenda stesheni kuuliza nauli ya mtu mmoja, kama nilivyoombwa. Dirishani kulikuwa na msichana mwenye mafua. Akanitajia bei. Nikamwomba aishushe. Akasema kwa mtu mmoja haishuki, lakini kuna nauli ya wawili wanaosafiri pamoja, siku zile ambazo kalenda yao imepakwa buluu, na tofauti yake si kubwa.

"Yuko peke yake au ana mwenzake?" akaniuliza.

Nikasema yuko peke yake. Nikafungua pochi. Yule msichana akaona kadi iliyokuwa juu, akainyooshea kidole. Ni kadi ya nauli ya wawili, Mama, yenye picha yangu na ya Gaël.

"Hii yako imekwisha muda tangu Machi, bibi. Niwafanyie mpya?"

Kulikuwa na foleni nyuma yangu. Mtu mmoja alikuwa na mbwa. Sijawahi kulisema kwa sauti, wala kwako, wala kazini, wala kwa kioo. Nikamwambia yule mgeni mwenye mafua, "Hapana. Aliondoka."

Akasema, "Pole." Akapenga kamasi, akangoja.

Ndivyo ulivyojua, kwa njia hii mbovu. Gaël aliondoka Machi. Nilikwambia tumehama ili tuwe karibu na kazi. Nilihama mimi. Ni chumba kimoja juu ya duka la viatu, na jiko nyuma ya pazia. Sina nafasi ya watu wawili, Mama. Niliandika nilichomaanisha. Ila nilifurahi pia uliposoma hasira, maana hasira ni rahisi kuifungulia mlango kuliko huruma. Ulikuwa unaniandikia "mume wangu" mara mbili kwenye mstari mmoja, nami narudi kutoka hotelini kukunja shuka za wapenzi wengine, vitanda sitini kwa siku. Nilikuwa naikunja barua yako hadi inakuwa ndogo kabisa na kuiweka chini ya kopo la chumvi.

Nilimlipa yule msichana tiketi ya mtu mmoja. Nikaondoka nayo. Nilifika hadi mlango wa kioo.

Mzee, sikumbuki ule mwavuli. Nimejaribu. Lakini uliposema kwamba utampandisha, utaisubiri treni iondoke, kisha ungoje Jumapili ya wiki inayofuata, nilikuona. Nilikuona umesimama unaitazama taa ya nyuma. Mimi najua kusimama hivyo. Hakuna aliyewahi kunisimamia hivyo, nilisimama mimi, Machi, Gaël alipoondoka.

Nikarudi kwenye foleni, nyuma ya mbwa.

"Bibi, umesahau kitu?" akaniuliza.

"Nilikosea. Ni wawili."

"Ndugu?"

"Mume na mke," nikasema. "Wiki tisa."

Akadhani ni vijana. Alinitafutia siti za pamoja, dirishani, akasema wapenzi wapya hupenda kutazama nje. Sikumsahihisha.

Leo nimepata barua ya Mama ya tarehe 13, na nimejua kwamba mmeshangoja bure dirishani kwa siku mbili. Nisameheni. Tiketi zimo humu ndani, naipeleka bahasha kwa posta ya haraka. Ni za Jumamosi tarehe 18, siku ya buluu. Strasbourg saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Paris mtashukia stesheni ya mashariki, na ya kwenda Nantes inaondokea stesheni nyingine, upande wa pili wa mji. Mna saa mbili na nusu, kwa hiyo msikimbie, nawaomba. Chukueni metro laini ya nne moja kwa moja hadi Montparnasse, msibadilishe popote. Mzee, najua utataka kuithibitisha kwenye ratiba. Ithibitishe.

Nimeazima godoro kwa fundi viatu. Ninyi mtalala kitandani, mimi chini, na pazia la jikoni nimelihamishia katikati. Tutasikiana tukipumua. Itabidi tuvumiliane. Jirani zangu hawajui Kihungari, kwa hiyo tukigombana tutaonekana tunaimba.

Nitakuja stesheni moja kwa moja kutoka kazini, sitapata muda wa kubadilisha nguo wala kuchana nywele. Mama, usimtafute yule Bogi uliyemsindikiza miaka miwili iliyopita. Tazameni mwanzo wa jukwaa, penye saa, mwanamke aliyechoka kuliko wote waliosimama pale. Mkimwona, msimuulize kitu. Mpeni sanduku moja abebe.

Boglárka